Jinsi ya kusoma maoni ya watu kuhusu Aprilia RXV, pikipiki ya porini ya silinda mbili, ukiwa huku Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikishachangamka na hela zikaanza kusoma kwenye akaunti, huku Kusini kila kijana anaongelea pikipiki. Wengi wanaishia Boxer au TVS na wako sahihi kabisa, wanatafuta ugali. Ila kuna wachache, najua mpo, ugonjwa wenu ni zile pikipiki ndefu za tairi la vipele, na kati yenu wapo walioiona Aprilia RXV kwenye simu wakausikia na mlio wake, bas usingizi ukakata. Wanaanza kusoma maoni ya waliowahi kuimiliki huko Ulaya, Marekani na Australia, na hapo ndo wanapochanganyikiwa, maana mmoja anasema hajawahi kupanda kitu kitamu hivyo maishani, anayefuata anasema kaiuza kwa hasara na moyo wake umetulia.

Mi naona wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja anaongelea barabara yake, fundi wake na masaa ya injini yake, afu we unayasoma ukiwa Tandahimba unadhani anakuongelea wewe. Kwa hiyo kazi ni kuyachuja, na nitaandika hapa namna ninavyoyachuja mimi.

Kwanza jua ni dude gani

Pikipiki za porini za mashindano karibu zote ni silinda moja, na kuna sababu. Injini ya silinda moja ni nyembamba, nyepesi, ina vitu vichache vya kuharibika, na ule mpigo wake mzito wa kuachana unaipa tairi la nyuma nafasi ya kung'ata udongo kati ya mpigo na mpigo. Aprilia, hao Waitaliano, wakaja kinyume kabisa. Injini yao ina silinda mbili zimekaa mkao wa V kwa nyuzi 77, injekta badala ya kabureta, inapozwa kwa maji, valvu nne kila silinda yani nane jumla. Zilianza kuuzwa 2006 kwa saizi mbili, cc 449 na cc 549. RXV ndo ya porini, SXV ni ndugu yake wa lami, na baadaye ikaja MXV ya motokrosi. Ukisoma maoni angalia herufi ya kwanza hiyo kwanza, maana mtu wa SXV anaongelea kona za lami kavu, maneno yake kuhusu tairi, shokapu na ulaji wa klachi hayakuhusu sana we wa Nanyamba.

Halafu kuna namba moja ishike vizuri. Pistoni ya hii ndogo ya cc 449, wenyewe wanaiita 450, ina upana wa milimita 76 na inatembea milimita 49.5 tu kupanda na kushuka. 450 ya silinda moja ya mashindano pistoni yake huwa kwenye milimita 95 hadi 97. Pistoni ndogo, mwendo mfupi, maana yake injini inaweza kuzunguka juu sana na nguvu yake yenyewe inakaa huko juu, chini hakuna mengi. Nusu ya mabishano yote unayoyasoma yanatokea hapo.

Na usidanganywe kwamba silinda mbili kwenye mchanga ni mzaha. Honda NXR750 ilichukua Paris-Dakar, ile rali ngumu ya jangwani, mara nne mfululizo 1986 hadi 1989, Cagiva Elefant ikashinda 1990 na 1994, Stéphane Peterhansel akashinda mara sita kwenye Yamaha za silinda mbili, KTM 950 nayo ikashinda 2002. Zote hizo zilikuwa mijitu mikubwa. Kituko cha Aprilia ni kuzibana silinda mbili ndani ya cc 450, na haikuwa ya maonyesho, Francisco López wa Chile alimaliza wa tatu Dakar ya 2010 juu ya toleo lake la rali. Ila Dakar kila jioni kuna mafundi wanaipokea wanaifungua usiku kucha asubuhi inaondoka imepangwa upya. We ukifika Nachingwea jioni nani anakupokea?

Maoni ya nguvu

Hapa ndo utakuta mmoja anaandika haina kitu na mwingine anaandika roketi. Kabla hujaamini yeyote tafuta kama chombo chake kilifunguliwa. Zile zilizouzwa Ulaya kwa ajili ya kupewa namba za barabarani zilitoka zimebanwa nguvu, mwenyewe akibadilisha ekzosti na kuwekewa programu nyingine kwenye kontroboksi, ile kompyuta ya injini, ndo inafunguka. Aliyepanda iliyobanwa na aliyepanda iliyofunguliwa hawakupanda pikipiki moja, japo tenki lina stika zile zile.

Akishakuwa wa iliyofunguliwa, sasa angalia anapanda wapi. Wanaosifia ukiwasoma vizuri wanasifia ulaini, kwamba haikupigi mikononi, unakaza moto tu inapanda inapanda haikati, na mlio unakutoa machozi. Wanaolalamika wengi wanatoka kwenye njia za mawe na mizizi, mwendo wa polepole, gia ya kwanza na ya pili, wanataka nguvu ya chini chini hawaipati, wanabaki kuchezea klachi mpaka inanuka.

Sasa leta kwetu. Ukiwa njia za mchanga kuelekea Msimbati au zile za katikati ya minazi Mikindani, mchanga unataka moto mwingi, spidi, na tairi la mbele lisizame, kwa hiyo hapo anayesifia anakuongelea wewe. Ukiwa Newala unashuka kutoka Shimo la Mungu kwenda bonde la Ruvuma, au unapanda uwanda wa Makonde mwezi wa pili mvua imenyesha usiku na ule udongo mwekundu umeshalowa, hapo msikilize mlalamikaji neno kwa neno. Wa Liwale na Kilwa ndani huko mnajua wenyewe ni mwezi gani barabara inakuwa ya upande upi.

Ukisoma "nzito" au "nyepesi" uliza katoka kwenye nini

Hili ni dogo ila linawapoteza watu. Kiwanda kinasema kilo kama 120 kavu. Mtu aliyetoka kwenye KTM 990, lile dude kubwa la safari, ataandika ni unyoya, aliyetoka kwenye 250 ya silinda moja ataandika ni jiwe. Urefu nao hivyo hivyo, kiti cha RXV kiko karibu mita moja kutoka ardhini, Mjerumani wa futi sita na ushee ataandika kakaa vizuri, we na mimi tunagusa chini kwa ncha ya kidole gumba upande mmoja. Kwenye mchanga hiyo siyo tatizo kubwa mpaka siku unaposimama kwenye mteremko ukiwa na kiroba cha mbaazi nyuma. Ila kusema ukweli kama unawaza kiroba cha mbaazi hii makala siyo yako, chukua Yamaha AG au Honda XL kama wanazopanda mabwana shamba uendelee na maisha.

Masaa, hapa ndo penyewe

Sisi tumezoea kuhesabu kilomita. Boxer ikifika kilomita kadhaa unamwaga oili, unakaza cheni, fundi chini ya mwembe anaweka tapeti kwa spana na bisibisi, umemaliza. Injini ya mashindano inahesabiwa masaa iliyonguruma, na hapo ndipo maoni ya mzungu yanakudanganya bila yeye kukusudia kukudanganya.

Chukua mtu anaandika "ninayo miaka mitano haijawahi kunisumbua". Huyo anapanda Jumapili, tuseme masaa matatu, na kwa sababu ya baridi anaiweka stoo nusu ya mwaka, kwa hiyo ni wikendi kama 25. Hayo ni masaa 75 kwa mwaka, miaka mitano masaa 375. Sasa kijana wa bodaboda Masasi anashinda juu ya chombo masaa 10 kwa siku, hayo 375 anayamaliza siku 38. Yani ile "miaka mitano haijanisumbua" kwa lugha ya kazi zetu ni mwezi mmoja na wiki. Siku hizi ukiona mtu anataja miaka bila kutaja masaa pita tu, hajakuambia kitu.

Na hiyo haijanisumbua yenyewe ina mambo ndani yake. Ukimbana vizuri unakuta kamwaga oili kila baada ya wikendi chache, kapima nafasi ya valvu kwa feleji, vile vibati vyembamba vya kupimia, kabadilisha shimu, visahani vya kurekebisha hiyo nafasi, kakagua cheni za taiming, kasafisha filta ya hewa kila akitoka vumbini, na kwake huo siyo usumbufu ni starehe, anafanya Jumamosi gereji ya nyumbani kwake akiwa na redio. Hapa kwenye silinda mbili kumbuka kila kitu ni mara mbili, hedi mbili, gasketi mbili, valvu nane badala ya nne, na silinda ya nyuma imefichwa ndani huko mkono haufiki mpaka ufungue vitu. Chombo cha namna hii ni kama kuku wa kisasa, chanjo ikipitiliza siku yake unachimba shimo. Vumbi letu la kiangazi, Agosti mpaka Oktoba, lile jekundu laini linaloingia mpaka kwenye chai, linafupisha hayo masaa zaidi, kwa hiyo ukiona ratiba ya mtu wa Uingereza anapopanda kwenye majani mabichi, we ikate.

Kwa hiyo usimuulize mwenye nayo "inasumbua?" maana jibu utalopewa halina maana. Muulize ina masaa mangapi, hedi zilifunguliwa zikiwa na masaa mangapi, nani alifungua, valvu zimepimwa lini na zilikutwa ngapi, na atume picha. Anayetunza anakuwa na daftari au picha. Anayejibu "iko poa sana kaka" muache na upoa wake.

Maoni ya kuwaka

Haina kiki. Ni starta peke yake. Hili liandike ukutani kabla hujasoma maoni yoyote ya kugoma, na ni mengi, hasa ya kugoma ikiwa ya moto. Pikipiki ya kiki betri ikifa unatukana kidogo unapiga kiki unaondoka, hii betri ikifa katikati ya mchanga unasukuma, na kusukuma injini ya kompresheni kubwa kwenye mchanga tairi la nyuma linaburuta tu halizungushi kitu.

Sasa kugoma kuna maana mbili kubwa. Kama starta inazungusha kwa uvivu hilo ni la umeme, betri ndogo imechoka au haichajiwi vizuri, au waya za starta zina kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi kuanzia Kilwa mpaka Mtwara mjini kutu haiombi ruhusa. Kama inazungusha kwa nguvu na haishiki, hasa ikiwa ya moto, mara nyingi ni valvu zimekaza hazina nafasi tena, na huo ni mzigo mwingine kabisa wa hela. Maoni mengi yanasema tu "inagoma", kwa hiyo rudi usome inagomaje.

Ukienda kuiona yenyewe nenda bila kumshtua muuzaji, na kitu cha kwanza weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto kaiwasha kabla hujafika, kunywa naye chai ipoe, msikilize stori zake zote. Iwashe ya baridi, izungushe mpaka ipate moto vizuri, zima, ngoja dakika kumi, washa tena. Ikishika mara zote mbili bila kubembelezwa sasa mnaweza kuongea bei.

Joto

Rejeta zikizibwa na matope injini inachemka, hakuna ubishi. Wanaosema haichemki wanaenda spidi, hewa inapita. Wanaosema inachemka wamekwama kwenye tope gia ya kwanza. Wenye kumbukumbu ya ule mkato wa Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 kabla haujawekwa lami, mnajua maana ya kukaa gia ya kwanza kutwa. Silinda ya nyuma iko chini yako kwa hiyo joto paja linalisikia. Muulize mwenye nayo kama kafunga feni na kama rejeta zina kinga, na kulanti, yale maji ya kupozea injini, ilibadilishwa lini.

Tenki, petroli na spea

Tenki ni lita 7.8. Tuseme inakula lita moja kwa kilomita 15, unapata kilomita 117. Mtwara hadi Newala kwa njia ya Tandahimba ni kama 140. Yani hufiki bila kuongeza njiani, na ukiikaza moto ndo kabisa. Ulaya hawalalamikii tenki sana kwa sababu wanazunguka njia ya mduara wanarudi kwenye gari lililobeba pikipiki, we hulioni hilo lalamiko unadhani tatizo halipo.

Na petroli ya chupa za barabarani kwenye injini ya injekta niiongelee kidogo. Boxer inameza chochote, kabureta unafungua unapuliza kwa mdomo unarudisha. Injekta ikiziba kwa uchafu wa chupa ya Nanyamba haipulizwi kwa mdomo, na pampu ya petroli ikifa ndo umelala hapo. Tembea na kitambaa kisafi au filta ndogo ya kuchujia, wakucheke tu.

Spea ndo inayoamua kila kitu kwangu. Imeacha kutengenezwa miaka mingi, kwa hiyo hata wazungu wenyewe wanawindana kwa spea za mtumba, ila mwenzako wa Italia gasketi ikipatikana inamfikia haraka. Kariakoo ukitaja jina hilo watakuuliza ndo nini, unaagiza nje, inakuja Dar, inapanda basi la kuja Kusini, na barabara yetu tunaijua, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata pale Somanga watu wakalala njiani. Kwa hiyo ukisoma "nilibadilisha klachi Jumamosi Jumapili nikapanda" tafsiri hiyo Jumapili kuwa mwezi, na kama ni msimu wa mvua ongeza. Ushauri wangu ni ununue spea kabla ya pikipiki: plagi, gasketi za hedi zote mbili, sahani za klachi, filta za oili na hewa, pampu ya petroli, betri ya akiba, mipira ya rejeta. Ukishindwa kuzikusanya hizo jibu umeshalipata bila hasara.

Sasa mimi nasemaje

Kama una chombo kingine cha kukufikisha kazini na shambani, una fundi anayejua kusoma feleji na micromita na hapigi nyundo, na unataka RXV ya kuchezea mchanga wikendi, chukua, maoni ya wanaoisifia yatakuwa yako. Kama ndo pikipiki yako ya pekee usiiguse, hata ukipewa bei ya kutupa, na ile ya bei ya kutupa ndo mbaya zaidi maana masaa yake yameisha.

Kama kilichokuvuta ni silinda mbili tu, mlio na ulaini, zipo za safari ambazo zinahesabu kilomita kama tulivyozoea. Yamaha Ténéré 700 ina cc 689 na tenki la lita 16, CFMoto 450MT ina cc 449 na tenki la lita 17.5. Ni nzito kuliko RXV kwa mbali, Ténéré inapita kilo 200, usitegemee kuirusha kwenye makorongo. Ila maoni yake unaweza kuyaamini kwa urahisi zaidi, kwa sababu wanaoyaandika wanasafiri siku nyingi mfululizo na mizigo, wanaweka petroli ya vichochoroni, wanalala mbali na fundi, yani wanaishi kama sisi.

Na aliyekwisha amua RXV, kabla hela haijatoka, dai picha ya kadi na ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu, zilingane herufi kwa herufi. MXV ya motokrosi haikuja na taa wala makaratasi ya barabara, na kuna wanaobadilisha plastiki wakaiuza kama RXV. Gharama za forodha na usajili mpaka upate namba ya MC ziulize kwa wakala wa forodha na TRA wakati chombo kiko bado huko kwa muuzaji, kikishafika bandarini huna tena nguvu ya kukataa.